Kuchagua vifaa vya kompyuta ya sinema ya sebuleni inayotumia Linux

Wanaokosea kununua kompyuta ya sinema karibu wote huanza na prosesa. Huchukua yenye nguvu kuliko zote wanazomudu, halafu jioni ya kwanza picha inakwamakwama, spika za nyuma hazitoi kitu, na rimoti haiwashi chochote. Prosesa haina kosa. Kosa liko kwenye tundu la HDMI, kwenye adapta ndogo iliyonunuliwa haraka haraka, au kwenye mpangilio wa televisheni ambao haukuwashwa. Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda kinyumenyume: televisheni kwanza, faili zako pili, kompyuta baadaye.

Kuna jambo moja lijulikane mapema, lisije likasingiziwa kifaa. Huduma za filamu za kulipia mtandaoni hufunga picha zao kwa Widevine, kufuli ya kidijitali ya kuzuia kunakili, na kwenye Linux ya kompyuta za kawaida kinachopatikana ni Widevine ya ngazi ya L3 tu. Ngazi hiyo haipewi 4K na huduma kubwa, na hakuna kadi wala prosesa itakayobadilisha hilo. Kama muda wako mwingi unaishia huko, tumia programu iliyomo ndani ya televisheni, na Linux uiachie faili zako mwenyewe, diski na matangazo ya antena. Hapo ndipo inapong'ara.

Hatua ya 1: Isome televisheni na mfumo wa sauti

Chukua karatasi uandike mambo manne: televisheni ni ya 1080p au 4K, inaonyesha HDR (picha yenye uangavu na rangi pana zaidi) au haionyeshi, ni tundu lipi la HDMI linalopokea picha kamili, na sauti itatokea wapi.

La tatu ndilo linalowaponza wengi. Televisheni nyingi za 4K huuzwa matundu yakiwa yamefungiwa kwenye hali ya kawaida, na lazima uingie kwenye mipangilio ya vifaa vya nje uwashe hali pana ya tundu husika. Kila kiwanda kimeipa jina lake. Kabla ya kuiwasha, televisheni haiiambii kompyuta kwamba inaweza HDR, na kompyuta haina namna ya kukisia. Kama tayari una kompyuta yoyote yenye Linux, ichomeke kwenye tundu hilo uulize:

edid-decode /sys/class/drm/card0-HDMI-A-1/edid

Namba ya kadi na ya tundu inaweza kutofautiana, angalia ndani ya /sys/class/drm. Tafuta mstari unaotaja ST2084. Ukiwapo, televisheni imetangaza HDR10, aina ya kawaida ya HDR. Usipokuwapo, na kitabu chake kinasema HDR ipo, rudi kwenye menyu ya televisheni kabla hujanunua hata kebo.

Kuhusu sauti, jiulize kama unatumia spika za televisheni tu, saundibaa, au risiva yenye spika zake. Mwenye spika za televisheni anaweza kuruka hatua ya 5 bila hasara yoyote.

Hatua ya 2: Zikague faili zako

Usinunue kwa kubuni. Chagua faili tano au sita zinazowakilisha ulichonacho, hasa ile kubwa kuliko zote na ile mpya kuliko zote, kisha kila moja ipitishe hapa:

ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,profile,width,height,pix_fmt,color_transfer,r_frame_rate -of default=nw=1 filamu.mkv

Majibu husomwa hivi. Codec_name ikiwa h264 na pix_fmt ni yuv420p, chochote kilichotengenezwa miaka kumi iliyopita kitaifungua. Ikiwa hevc na profile ni Main 10, unahitaji kisimbuzi (sehemu ya chipu inayofungua video) cha HEVC cha biti 10. Cha biti 8 hakitoshi, na hilo ndilo shimo wanalotumbukia wanunuzi wa kompyuta kuukuu. Vp9 na av1 ni za video za mtandaoni. Color_transfer ikiandikwa smpte2084, hiyo ni HDR. Arib-std-b67 ni HLG, HDR ya matangazo ya televisheni. Na r_frame_rate ya 24000/1001 ni fremu 23.976 kwa sekunde, namba tutakayorudi kwayo.

Ukikuta h264 yenye yuv420p10le, hiyo ni mbegu ya peke yake. Katuni nyingi za Kijapani za miaka ya nyuma zilihifadhiwa hivyo, na visimbuzi vya kadi nyingi haviijui kabisa. Itafunguliwa na prosesa kwa nguvu zake. Kwa 1080p si tatizo kwa prosesa yoyote ya kisasa yenye viini vinne.

Hatua ya 3: Chagua kisimbuzi, si nguvu

Ndani ya chipu ya picha kuna sehemu ndogo isiyofanya kazi nyingine ila kufungua video iliyobanwa. Kodeki, yaani namna video ilivyobanwa, ikiwa imo kwenye sehemu hiyo, filamu ya 4K huchezwa kwa wati chache na prosesa ikiwa karibu imelala. Isipokuwamo, viini vyote vya prosesa hupanda hadi mwisho, feni inaanza kulia, na fremu zinadondoka. Kwa hiyo swali ni hili: chipu hii ya picha inajua kodeki zipi?

Kwa Intel, kumbuka mipaka mitatu. Kizazi cha 6, Skylake, kinafungua HEVC ya biti 8 tu. Kizazi cha 7, Kaby Lake, na vilivyofuata vinafungua HEVC na VP9 za biti 10. AV1 iliingia kwenye kizazi cha 11, Tiger Lake, mwaka 2020. Kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika zenye kizazi cha 8, kama zile za i5-8500T, ni chaguo zuri kwa asiyehitaji AV1. Za kizazi cha 6 huuzwa zimepangwa pembeni ya hizo, umbo ni lile lile na bei iko chini kidogo. Usizichukue kwa kazi hii.

Kwa anayenunua kipya, Intel N100 iliyotoka 2023 inatosha watu wengi: viini vinne, wati 6 kwenye karatasi, na inafungua H.264, HEVC ya biti 10, VP9 na AV1. Ina njia moja tu ya kumbukumbu, lakini kwa filamu hilo halionekani. Kama unataka pia michezo mizito, hiyo ni kompyuta nyingine na mwongozo mwingine.

Kwa AMD, chipu za Ryzen zenye picha ndani yake kuanzia Raven Ridge zinafungua HEVC na VP9 za biti 10. AV1 ilikuja na RDNA 2, isipokuwa kadi za RX 6400 na RX 6500 XT: zina RDNA 2 lakini kisimbuzi cha AV1 kiliondolewa. Hizo mbili huingia kirahisi kwenye kasha dogo, ndiyo maana watu huzinunua kwa sinema bila kujua. Draiva ya AMD imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) na Mesa (mkusanyiko wa draiva za picha), hakuna cha kuweka kwa mkono. Kasoro yake ni ya kisheria: mwaka 2024 ilijulikana kwamba HDMI Forum, chama kinachosimamia viwango vya HDMI, imekataa draiva ya wazi ya AMD kubeba HDMI 2.1. Kwa filamu za fremu 24 halikugusi. Kwa anayetaka 4K ya hertz 120 kupitia HDMI, linamgusa moja kwa moja.

Nvidia hatuipendekezi kwa kompyuta mpya ya sebuleni, japo visimbuzi vyake ni vizuri (HEVC ya biti 10 imo kwenye GTX 10 zote zenye matundu ya picha, AV1 kuanzia RTX 30). Sababu ni draiva. Mifumo midogo ya sinema inayotoa HDR huendesha Kodi (programu ya kuchezea filamu) moja kwa moja juu ya kerneli bila dirisha, na njia hiyo imejengwa kwa ajili ya Intel, AMD na chipu za ARM. LibreELEC, kwa mfano, imewatengea wenye Nvidia toleo la pembeni linalotumia X11, mfumo wa zamani wa madirisha, na kwenye X11 hakuna HDR.

Raspberry Pi 4 na 5 zina nafasi yake, ila zisome vizuri. Pi 4 inafungua HEVC ya biti 10 hadi 4K hertz 60, na H.264 hadi 1080p. Pi 5 ina kisimbuzi cha HEVC peke yake, H.264 hufanywa na prosesa, ambayo kwa 1080p inaimudu bila jasho. Zote mbili hazina VP9 wala AV1 kwenye kisimbuzi. Faida kubwa ya Pi ni CEC, njia ya kuongozwa na rimoti ya televisheni, ambayo imo tayari, na tutaona kwenye rimoti kwa nini hilo lina uzito. Pi 5 inataka adapta ya volti 5 ampea 5. Ukiipa ya ampea 3 itawaka vizuri tu, lakini itabana umeme wa USB hadi miliampea 600, na diski ya nje ya inchi 2.5 itakuwa inalia tik, tik, tik bila kuzunguka. Watu huitupa diski hiyo wakidhani imekufa.

Dolby Vision, aina nyingine ya HDR, iweke pembeni. Kompyuta za Intel na AMD kwenye Linux haziitoi kwa HDMI. Faili nyingi za Dolby Vision zina tabaka la HDR10 chini yake na huonekana vizuri. Zile za profaili ya 5 hazina tabaka hilo, na kwenye kichezeshi kisichojua kuzitafsiri, nyuso za watu hutoka zambarau na kijani. Anayeihitaji kwa dhati atazame visanduku vyenye chipu za Amlogic vinavyopokea CoreELEC (mfumo wa Kodi wa chipu hizo), na akague orodha ya chipu zinazokubalika kabla ya kununua.

Hatua ya 4: Njia ya picha kutoka kompyuta hadi televisheni

Hesabu ni fupi. HDMI 1.4 inafika kasi ya megahertz 340. Picha ya 4K ya fremu 24 na biti 8 inahitaji 297, hivyo inapita. Ifanye ya biti 10, kama HDR inavyotaka, na inahitaji 371. Haipiti. HDMI 2.0 inafika 600, kwa hiyo 4K ya HDR ya fremu 24 inapita na nafasi inabaki. 4K ya fremu 60 na biti 10 inapita kwa kupunguza rangi hadi 4:2:2 au 4:2:0, kitu ambacho kwa macho ya kochini hakuna anayekiona.

Sasa angalia tundu lenyewe. Prosesa za Intel za mezani kuanzia kizazi cha 6 hadi cha 10 zenyewe hutoa HDMI 1.4 tu. Ubao wenye HDMI 2.0 katika vizazi hivyo umeongezewa chipu ya kubadilisha. Utautambua kwenye karatasi ya kiwanda: tundu la HDMI likiandikiwa 4096×2160 kwa hertz 30 au 24, hilo ni 1.4, hata tangazo la duka liandike 4K kwa herufi kubwa kiasi gani. Likiandikiwa hertz 60, ni 2.0. Gemini Lake, kama J4105, na kizazi cha 11 kwenda juu zina 2.0 yao wenyewe.

Kompyuta ndogo za ofisini mara nyingi zina DisplayPort tu. Adapta za bei ndogo zisizo na chipu ndani huishia 1080p au, zikiwa za aina bora, 4K ya hertz 30. Unahitaji adapta yenye chipu, iliyoandikwa HDMI 2.0 na 4K hertz 60, na hata hiyo si zote zinazopitisha HDR. Kama HDR ndiyo sababu ya kununua, chagua kompyuta yenye tundu la HDMI la kweli uachane na bahati nasibu ya adapta.

Kebo: tafuta yenye cheti cha Premium High Speed kwa gigabiti 18, au Ultra High Speed kwa 48. Kebo dhaifu haipunguzi rangi wala uangavu, hayo ni maneno ya wauzaji. Inavyoharibika ni kwa vimulimuli vyeupe kwenye sehemu za giza, au skrini kuwa nyeusi sekunde moja kisha kurudi, hasa ukifungua faili ya 4K. Zaidi ya mita tano kwa shaba matatizo huongezeka. Hapo nunua ya nyuzi za mwanga. Hiyo ina upande: mwisho mmoja umeandikwa wa chanzo na mwingine wa skrini. Ukigeuza hupati kitu, na kama tayari umeipitisha ndani ya ukuta, utaukumbuka mstari huu.

Sasa ile 23.976. Televisheni ikibaki hertz 60, fremu moja huonyeshwa mara tatu na inayofuata mara mbili, na kamera inapopita taratibu juu ya mandhari, picha hutetemeka kidogo. Dawa ni kompyuta kubadili hertz kulingana na faili, mpangilio uliomo ndani ya Kodi. Lakini kifaa kiweze kutoa 23.976 hasa, si 24. Picha za Intel kabla ya Haswell ya 2013 hazikuifikia hasa, na baadhi zilitoa 24.000. Tofauti ni 0.024 kwa sekunde, maana yake kila baada ya sekunde 42 hivi kuna fremu moja inayorudiwa. Ukiona mruko unaokuja kwa saa namna hiyo, usitafute kwenye mtandao wala kwenye diski.

Hatua ya 5: Sauti

Kuna njia mbili: kompyuta ifungue sauti na kuituma kama PCM, yaani sauti iliyokwisha kufunguliwa, au iipitishe ilivyo hadi kwa risiva ifunguliwe huko. Kwa spika sita au nane za kawaida, PCM kupitia HDMI inatosha kabisa na ina matatizo machache. Upitishaji unakuwa wa lazima unapotaka Atmos au DTS:X, sauti zenye spika za juu ya kichwa, kwa sababu habari za spika za juu hupotea sauti ikifunguliwa na kompyuta.

Mpangilio bora ni kompyuta kwenda risiva, risiva kwenda televisheni. Risiva iwe na uwezo wa kupitisha 4K na HDR, la sivyo itaivunja picha njiani. Mpangilio wa pili ni kompyuta kwenda televisheni, kisha sauti irudi kwa risiva au saundibaa. Hapo kuna ARC na eARC, njia za kurudisha sauti kwa kebo ya HDMI, na herufi moja ndiyo tofauti yote. ARC ya zamani haina upana wa kubeba TrueHD wala DTS-HD Master Audio, sauti zisizopunguzwa ubora, eARC inao. Waya wa mwanga, S/PDIF, hubeba stereo ya PCM, Dolby Digital na DTS ya msingi, basi.

Kompyuta ikishaunganishwa, isikilize televisheni au risiva inavyojieleza:

cat /proc/asound/card*/eld*

Orodha ikitaja MLP, TrueHD imekubaliwa. Ikitaja LPCM peke yake huku una risiva kubwa, basi kuna kifaa kati yao kinachojibu kwa niaba yake, na mara nyingi ni televisheni.

Hatua ya 6: Kumbukumbu na diski

Kodi peke yake, RAM ya gigabaiti 4. Ukiongeza kivinjari au seva ya video, 8. Kompyuta yenye nafasi mbili za RAM ipewe vipande viwili vinavyolingana, chipu ya picha hula kutoka kumbukumbu hiyo hiyo. Mfumo uweke kwenye SSD. Gigabaiti 32 zinatosha LibreELEC, 128 zinatosha Debian au Ubuntu na picha zote za majalada. Kadi ya SD kwenye Pi ni sawa kuanzia, ila hazina ya Kodi huandika mara kwa mara na kadi hizo huchoka.

Filamu za 4K zisizobanwa upya huwa gigabaiti 50 hadi 80. Kwa wastani wa 65, diski ya terabaiti 4 inabeba kama 60. Kasi si tatizo: Blu-ray ya 4K hufika kilele cha megabiti 128 kwa sekunde, yaani megabaiti 16, na diski ya kawaida ya kuzunguka inasoma mara kadhaa ya hapo. Hata USB 2.0 inatosha. Usitumie fedha kwa SSD ya filamu.

Hatua ya 7: Mtandao

Kama faili zinakaa kwenye seva chumba kingine, waya. Tundu la megabiti 100 hutoa takriban 94 za kweli, na kilele cha 128 hakipiti hapo. Dalili yake inapotosha: filamu inakwenda vizuri dakika arobaini, kisha kwenye tukio la mvua au moshi inasimama kujaza akiba, kwa sababu ndipo biti zinapopanda. Gigabiti moja na kebo ya Cat 5e vinamaliza jambo, hadi mita 100. Kagua pia swichi. Iliyo kuukuu katikati ya njia inarudisha kila kitu kwenye 100.

Wi-Fi ikibidi, iwe ya gigahertz 5. Kadi za Intel AX200 na AX210 zinajulikana vizuri na kerneli. Vijiti vya USB vya Wi-Fi viepuke: jina la nje hubaki lile lile huku chipu ya ndani ikibadilishwa na kiwanda, na draiva uliyosoma habari zake si ya ulichopokea.

Hatua ya 8: Kelele, joto na umeme

Kompyuta isiyosikika ofisini inasikika sebuleni, kwa kuwa filamu ina ukimya. Adui ni feni ndogo. Feni ya milimita 40 inazunguka kwa kasi na kutoa mlio mwembamba unaopenya mazungumzo. Ya milimita 120 kwenye mizunguko 700 kwa dakika huisikii mita mbili mbele. Kasha lisilo na feni linafaa kwa chipu za wati 6 hadi 15, mradi usilifungie kwenye kabati lenye mlango wa kioo. Ukijenga mwenyewe kwa ubao wa Mini-ITX wa milimita 170 kwa 170, soma urefu wa kipoza joto unaoruhusiwa na kasha kabla ya kununua kipoza. Milimita mbili za ziada zinatosha kukuzuia kufunga kifuniko.

Diski za kuzunguka za inchi 3.5 husikika zaidi kwa mtikisiko kuliko kwa sauti. Ziwekee raba kwenye skrubu, au zihamishie kwenye seva nje ya sebule, ambayo ndiyo dawa ya kweli.

Kuhusu umeme, kifaa cha wati 10 kikiwashwa saa zote hutumia kilowati-saa 88 hivi kwa mwaka. Kompyuta kuukuu ya mezani ya wati 50 hutumia 438. Iliyotolewa bure inaweza kuwa ndiyo ya gharama.

Hatua ya 9: Rimoti, na namna ya kuwasha

Hapa ndipo mradi unapokubaliwa au kukataliwa na wengine nyumbani. Mtu anayetaka kuangalia katuni hatatafuta kibodi chini ya kochi.

Njia safi ni CEC, ambapo rimoti ya televisheni huiongoza kompyuta kupitia kebo ile ile ya HDMI. Tatizo ni kwamba kadi za picha za kompyuta za kawaida hazikuunganishwa pini hiyo. Raspberry Pi na visanduku vya Amlogic vinayo. Kompyuta ndogo za Intel chache zina sehemu ya kuiongeza ndani. Kwa zilizobaki kuna adapta ya USB ya Pulse-Eight inayokaa kati ya kompyuta na televisheni, lakini thibitisha kiwango cha picha inachopitisha kabla ya kuiweka kwenye njia ya 4K.

Njia ya pili ni miale ya infraredi. Kipokezi cha Flirc hujitambulisha kwa Linux kama kibodi, hakihitaji draiva, na hufundishwa rimoti yoyote uliyonayo. Kwa vipokezi vingine, amri ya ir-keytable -t itakuonyesha kama kila kitufe kinafika.

Njia ya tatu ni rimoti ya redio yenye kijiti cha USB. Ni rahisi, haihitaji kuelekezwa, na ina mtego mmoja: matundu na nyaya za USB 3 hutoa kelele kwenye gigahertz 2.4, masafa yale yale ya rimoti hizo. Ukichomeka kijiti pembeni ya diski ya nje ya USB 3, rimoti itakuwa ikiruka vitufe kila diski inaposomwa. Kihamishie kwenye tundu la USB 2 kwa waya wa kurefusha wa nusu mita, tatizo linaondoka.

Kuamsha kompyuta kwa rimoti ni suala jingine. Ikiwa imezimwa kabisa, bao nyingi hukata umeme wa USB. Ndani ya BIOS zima mpangilio wa ErP, na tafuta ule wa kuamshwa na USB. Ikiwa imelazwa tu, soma /sys/power/mem_sleep uone aina ya usingizi inayopatikana: deep ni usingizi mzito, s2idle ni mwepesi na hutumia umeme zaidi. Kwa kifaa cha wati 6 hadi 10, wengi huamua kukiacha kimewaka, na si uamuzi mbaya. Weka pia BIOS iwashe kompyuta yenyewe umeme ukirudi baada ya kukatika.

Anayetaka matangazo ya antena aongeze tyuna ya kiwango cha nchi yake, DVB-T2, DVB-S2 au ATSC. Kabla ya kununua tafuta jina la chipu ya ndani, si la kifurushi. Zenye Si2168, kwa mfano, zina draiva kwenye kerneli, ila zinahitaji faili ya fimwea iwekwe kwenye /lib/firmware. Bila hiyo kifaa kinaonekana na hakipati chaneli hata moja. Tyuna moja hurekodi chaneli kadhaa kwa pamoja mradi zote ziko kwenye masafa mamoja.

Hatua ya 10: Pima ungali na haki ya kurudisha

Kabla ya kufuta mfumo uliokuja na kompyuta, iwashe kwa Linux iliyo kwenye kijiti cha USB. Anza na:

lspci -nnk
vainfo --display drm --device /dev/dri/renderD128

Ya kwanza ionyeshe draiva chini ya kila kifaa, hasa Wi-Fi na sauti. Ya pili iwe na VAProfileHEVCMain10, VAProfileVP9Profile2 na, kama uliinunua kwa AV1, VAProfileAV1Profile0, kila moja ikifuatwa na VAEntrypointVLD, ambayo ndiyo alama ya kufungua. Vainfo ikikosa H.264 na HEVC kwenye Fedora yenye AMD, usirudishe kompyuta: tangu 2022 Fedora iliziondoa kwenye Mesa yake, na zinarudi kwa kuweka mesa-va-drivers-freeworld kutoka RPM Fusion.

Kisha cheza faili yako nzito kuliko zote ndani ya Kodi na bonyeza herufi o kwenye kibodi. Jina la kisimbuzi lifuatwe na HW. Kwenye Intel, fungua intel_gpu_top kwa SSH (kutoka kompyuta nyingine) wakati filamu inaendelea: mstari wa Video upande, na prosesa ibaki chini. Ukiona kinyume chake, filamu inafunguliwa kwa nguvu ya prosesa hata kama inaonekana laini kwa sasa.

Iache icheze filamu nzima, mlango wa kabati ukiwa umefungwa kama utakavyoufunga siku zote, na joto lisomwe kwa amri ya sensors mwanzoni na mwishoni. Halafu zima kila kitu kwenye soketi, hesabu hadi kumi, washa, na jaribu kufika kwenye filamu kwa kutumia rimoti peke yake.